Mizani Haina Shangazi

Sogeeni, wajomba zangu, sogeeni. Aliye nyuma aje mbele, aliye mbele akunje miguu. Leo nimepewa swali, na swali lenyewe nimelitafuna tangu mchana.

Mmoja wenu kaniuliza: "Mjomba, mtu akifanya kazi vibaya huachishwa. Mbona akiwa ndugu haachishwi?"

Mnamsikia huyu? Swali hili watu wazima hulikwepa miaka na miaka. Hulizungumza jikoni, kwa kunong'ona, mlango umerudishwa. Yeye kaliuliza mchana kweupe, tena mbele za watu. Hongera, mwanangu. Kuuliza si ujinga.

Jibu lake haliji kwa neno moja. Basi tulipitishe dukani.

Twendeni Tanga mjini, Ngamiani. Huko barabara nyingi zinaitwa kwa namba, kwa hiyo hata mgeni hapotei, ilimradi ajue kuhesabu. Katika barabara mojawapo anakaa mama wa hadithi yetu, jina lake Bi Zuhura. Nyumba yake ina milango miwili. Mlango wa mbele unafungukia barabarani, na hapo ndipo penye duka la nafaka. Mlango wa nyuma unafungukia uani, na huko kuna jiko, kamba ya nguo na kuku wawili wasiosikia la mtu.

Kwa mlango wa mbele huingia wateja. Kwa mlango wa nyuma huingia ndugu. Shikeni hapo. Milango miwili.

Dukani kuna mchele, maharage, choroko, sembe na dona. Na juu ya meza kuna Mizani. Ni mizani ya sahani, ya zamani, yenye mshale mwekundu. Kila mwaka maofisa wa Wakala wa Vipimo huikagua, na wakiridhika huibandika stika. Mizani inajivunia stika hiyo kupita kiasi. Tena ina neno lake moja. Hulisema asubuhi, hulisema jioni:

"Mimi sijui mtoto wa nani. Mimi najua kilo."

"Mjomba, mizani inasema?"

Ya Bi Zuhura inasema. Ya kwenu hamjaitegea sikio tu.

Siku moja simu ikalia. Alikuwa kaka yake Bi Zuhura, mkulima wa machungwa kule Muheza. "Dada, Bakari kamaliza shule, yupo yupo tu. Mchukue akusaidie dukani."

Bi Zuhura angesemaje? Alipotaka kulifungua duka lile hakuwa na kitu. Kaka yake huyo huyo aliuza machungwa ya msimu mzima, akampa fedha za magunia ya kwanza. Fedha zile hazikuandikwa popote. Hazikudaiwa. Lakini Bi Zuhura hajazisahau hata siku moja. Mtu kama huyo utamwambia "hapana"?

"Mlete," akasema.

Bakari akaja. Akaingia kwa mlango wa nyuma, maana ni ndugu. Akapewa chai na mkate wa kumimina. Akapewa kitanda. Kisha Shangazi akamwambia, "Mwanangu, kesho ukae dukani."

Ukae dukani. Basi. Hakumwambia duka hufunguliwa saa ngapi. Hakumwambia mkopo huandikwaje. Hakumwambia mshahara ni kiasi gani. Kwani ndugu huandikishana? Liwekeni na hilo pembeni, tutalirudia.

Sasa dukani alikuwapo Rehema. Rehema si ndugu. Aliingia kwa mlango wa mbele, akaomba kazi, akapewa. Kwenye zamu yake, sala ya alfajiri ikiisha tu, Rehema yuko barazani anafagia. Kwa nini mapema hivyo? Kwa sababu mama lishe hununua mchele kabla jua halijapanda. Mama lishe akikuta pamefungwa hangoji. Anavuka barabara, ananunua kwa jirani, na kesho anaanzia kwa jirani.

Bakari akapewa zamu ya asubuhi, ili Bi Zuhura apate nafasi ya kwenda kufuata magunia. Jumatatu akatoka chumbani saa mbili. Jumanne akatoka saa mbili na nusu. Jumatano Rehema akaja kufungua, ingawa haikuwa zamu yake, na mama lishe walikuwa wameshapita. Mizani ikasema, "Mimi sijui mtoto wa nani. Mimi najua kilo, na leo sijapima hata moja."

Hayo ni ya saa. Yapo na ya daftari. Rafiki yake Bakari akaja: "Nipimie kilo tano, nitaleta hela jioni." Bakari akampimia. Hela haikuja, wala daftarini hapakuandikwa kitu.

"Mjomba, kilo tano tu! Na duka zima limejaa mchele!"

Ah, hapo ndipo ninapopapenda. Leteni kijiti tuandike hapa mchangani. Tuseme Bi Zuhura hununua kilo moja kwa shilingi 2,600 na huiuza 2,800. Anabakiwa na ngapi? Shilingi 200. Hiyo 200 ndiyo faida. Na zile 2,600? Hizo si za kula. Hizo ni mtaji, ndizo zitakazonunua mchele mwingine. Sasa kilo tano zimepotea. Tano mara 2,600 ni 13,000. Ili zirudi, itabidi zikusanywe 200 kwa 200. Haya, 13,000 gawanya kwa 200?

Sitini na tano! Safi sana, wewe tutakupa uweka hazina. Kilo tano zilizosahauliwa zinadai kilo 65 ziuzwe bila faida. Rehema apime, afunge, abebe, jasho limtoke, na mwisho wake ni kurudi pale pale walipokuwa. Hapo bado hatujatoa umeme, mifuko, wala mshahara wa Rehema mwenyewe.

"Basi Shangazi akamgombeza?"

Hakumgombeza. Alinyamaza. Alichukua fedha ya kitoweo akaitia kwenye droo ya duka, ili hesabu ikae sawa. Akanyamaza tena. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Bi Zuhura alimchelea mwana wa kaka yake asilie, wakaanza kulia wengine. Mama lishe wakahamia kwa jirani. Rehema naye, aliyekuwa hachelewi, akaanza kuchelewa kidogo. Si kwa ubaya. Alijiuliza tu: nikiwahi ni hivi, nisipowahi ni hivi, sasa nawahi nini?

Hilo ndilo wengi hawalioni mapema. Ndugu akizembea na akaachwa, hasara haiishii kwenye kilo zake. Wasio ndugu wanatazama. Wanaona kwamba duka hili lina vipimo viwili, kimoja cha walioingia kwa mlango wa mbele, kimoja cha walioingia kwa mlango wa nyuma. Na Mizani ilikuwa imenuna. Vipimo viwili? Humu humu?

"Lakini Mjomba, ndugu si wa kusaidiwa?"

Wa kusaidiwa, tena sana! Lakini wahenga hao hao walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoandika juu ya Ujamaa. Alikuwa akieleza kwamba katika jamii zetu za zamani kila mtu alikaribishwa, na kila mtu alifanya kazi. Yote mawili kwa pamoja. Bi Zuhura alimkaribisha Bakari vizuri sana. Jembe ndilo hakumpa. Alimwambia tu akae dukani, na kukaa Bakari alikaa kweli kweli.

Usiku mmoja Bi Zuhura akabaki dukani peke yake. Mizani ikakohoa.

"Bi Zuhura, unaukumbuka mwaka ule nilipokutwa nazidisha?"

"Naukumbuka."

"Yule ofisa alinitupa baharini?"

"Hakukutupa. Alitaka urekebishwe na fundi."

"Na kama fundi angeshindwa?"

"Ungeondoka mezani."

"Basi," ikasema Mizani. "Mimi sijui mtoto wa nani."

Bi Zuhura akacheka peke yake. Kisha akafikiri. Fundi yule hakuanza kwa nyundo. Alianza kwa kutafuta: ubovu uko wapi? Basi naye akajiuliza maswali matatu juu ya Bakari. Yashikeni, hata darasani yatawafaa.

Hajui? Hawezi? Hataki?

Asiyejua hufundishwa. Asiyeweza hutafutiwa anachokiweza. Asiyetaka huulizwa anataka nini. Ukimgombeza asiyejua, unamtia woga tu. Ukimfundisha asiyetaka, unajichosha mwenyewe.

Jioni iliyofuata akamwita Bakari. Si mbele ya wateja. Si mbele ya Rehema. Wala hakumpigia simu baba yake kwanza, maana mtu huambiwa mwenyewe kabla hajasemewa kwa wakubwa wake. Wakakaa dukani, mlango wa mbele umefungwa, daftari liko wazi mezani.

"Mwanangu, zile kilo tano za mchele ziko wapi?"

Bakari akainama. "Shangazi, sikuziandika. Hili daftari silijui. Nikitazama mistari yake nachanganyikiwa, na kuuliza naona haya."

Mnaona? Hajui! Wiki na wiki hajui, na hakuna aliyemwonyesha. Bi Zuhura akaiona sehemu yake ya lawama. Kesho yake Rehema akamfundisha. Tarehe hapa. Jina hapa. Kiasi hapa. Aliyelipa, pigia mstari. Siku chache tu, akalijua.

Kisha Bi Zuhura akafanya jambo ambalo ndugu wengi huliona gumu. Aliandika. Kazi ya Bakari ni hii. Saa ya kufungua ni hii. Mshahara ni huu. Likizo ni hii. Akamwambia, "Tuangaliane miezi mitatu."

"Mjomba, ndugu kwa ndugu waandikiane? Si aibu?"

Aibu ni kuja kugombania kitu ambacho hakikuandikwa. Na sheria nayo haina shangazi. Tanzania tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inataka mfanyakazi apewe masharti ya kazi yake kwa maandishi. Kanuni za mwaka 2007 nazo zinamwambia mwajiri: mfanyakazi akiwa hafanyi kazi vizuri, usikimbilie kumwachisha. Tafuta sababu. Mweleze. Mwongoze. Mpe muda ajirekebishe. Si ndiyo kazi ya fundi wa mizani hiyo? Na hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa mpwa". Mpwa analindwa nayo, na mpwa anabanwa nayo. Hata mwezi ulipoisha, kwa kila shilingi 100 za mshahara wa Bakari, shilingi 20 zilikwenda mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kwa ajili ya uzee wake, 10 zikitoka kwake na 10 kwa Shangazi. Bakari akakitazama kikaratasi cha mshahara mara mbili. Kumbe yeye ni mfanyakazi!

Miezi mitatu ikapita. Daftari la Bakari likawa safi, hata Rehema akalisifu. Lakini asubuhi? Asubuhi bado. Saa mbili. Saa mbili na robo. Kumbe nyuma ya "hajui" palikuwa na jingine limejificha.

"Hataki!"

Naam, hataki. Lakini anataka nini? Bi Zuhura akamuuliza, na safari hii Bakari akasema yote. Mtaa wa pili kuna karakana ya kuchomelea mageti. Kila usiku, nyumba ikilala, Bakari alikuwa akienda huko. Huwashikia mafundi vyuma, huwafagilia, hutazama. Alikuwa akirudi usiku wa manane. "Shangazi," akasema, "mchele nimejifunza, lakini moyo wangu haupo."

Haya, wajomba zangu. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

"Amfukuze!"

"Amwache, ni ndugu!"

Basi mmejibu kama watu wazima wote. Nusu wanapiga kelele huku, nusu wanapiga kelele kule. Bi Zuhura hakufuata huku wala kule. Alikumbuka kwamba nyumba yake ina milango miwili, na kwamba mmoja ukifungwa, si lazima wa pili ufungwe.

Akamwambia, "Kazi ya duka inakwisha, mwanangu. Undugu hauishi." Akampa notisi ya maandishi ya siku 28, kama sheria inavyotaka kwa mtu anayelipwa kwa mwezi. Siku zilipotimia akamlipa mshahara wake na likizo aliyokuwa anadai, akampa na barua inayoonyesha kwamba alifanya kazi hapo. Hivyo ndivyo ulivyofungwa mlango wa mbele. Wala hakuubamiza. Na Ijumaa ile, kwa mlango wa nyuma, Bakari alikula pilau kama kawaida.

"Na yale machungwa ya kaka, Mjomba?"

Alaa! Mtoto huyu hasahau kitu! Nilitaka nione nani atalikumbuka. Deni la machungwa lilikuwa palepale. Bi Zuhura akagundua kwamba siku zote alikuwa akililipa bila kujua. Alililipa kwa kilo zisizoandikwa. Alililipa kwa mama lishe waliohama. Alililipa kwa jasho la Rehema, ambaye machungwa yale hakuyaona hata ganda. Na kaka mwenyewe hakujua kwamba analipwa!

Basi akaamua alilipe kwa jina lake. Akafunga safari mwenyewe hadi Muheza, maana maneno kama hayo hayatumwi kwa simu. Akasema, "Kaka, Bakari dukani hapamfai. Lakini chuo cha ufundi cha VETA kinafundisha uchomeleaji. Ada yake nitailipa mimi, mpaka amalize." Ada ina kiasi, tena ina mwisho. Hasara ya droo haina kiasi, na haina mwisho. Msaada ukiitwa msaada, anayetoa anajua ametoa, anayepokea anajua amepokea, na Rehema hakatwi kitu.

Nitawaficha? Kaka alikasirika. Alisema, "Mwanangu umemfukuza." Akakaa wiki kadhaa hapokei simu. Bi Zuhura alilia, kisha akaendelea kupiga. Jibu zuri si lazima lipokelewe vizuri siku ile ile. Ila kaka alipomwona Bakari anaamka alfajiri kwenda chuo bila kuamshwa na mtu, simu akapokea.

Na dukani? Rehema akapewa funguo za asubuhi na nyongeza kidogo. Mama lishe mmoja alirudi. Mwingine hakurudi mpaka leo. Mteja akihama si rahisi kumrudisha.

"Kwa hiyo Mjomba, ndugu wasiajiriwe kabisa?"

La, hasha! Ndugu mwaminifu ni hazina. Siku biashara ikiyumba, yeye ndiye anayevumilia mshahara ukichelewa. Mnaijua kirikuu? Ile gari ndogo inayobeba magodoro na ndizi mjini? Nyingi ni Suzuki. Suzuki ilianzishwa na mzee Michio Suzuki mwaka 1909, huko Hamamatsu, Japani, ikitengeneza mitambo ya kufumia nguo. Mwaka 1958 kijana mmoja mfanyakazi wa benki, Osamu Matsuda, alimwoa mjukuu wa mzee huyo. Akachukua jina la ukoo wa mkewe, akawa Osamu Suzuki. Kwa Wajapani hiyo ni desturi ya zamani: nyumba ya biashara huweza kumfanya mkwe hodari kuwa mtoto wao. Akaingia kampuni mwaka huo huo. Je, siku ya harusi alikabidhiwa kiti cha juu? Hapana. Alikuja kuwa mkuu wa kampuni mwaka 1978. Hesabuni wenyewe. Miaka 20! Ndoa ilimwingiza kwenye ukoo. Kiti alikifikia kwa kazi.

Kwa hiyo ndugu aajiriwe, kwa nini asiajiriwe? Ila aambiwe kazi yake siku ya kwanza, apimwe kwa kipimo cha wenzake, na akikosea aambiwe mapema, kwa upole, faraghani. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Kufaana kuna pande mbili. Shangazi amfae Bakari, na Bakari amfae Shangazi.

Nani huyo kule nyuma ananyoosha kidole? Sema, usiogope.

"Mjomba, je, nikiwa mimi ndiye Bakari?"

Njoo hapa nikushike mkono. Hilo ndilo swali bora la leo, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza. Wote huniuliza kama vile wao ni Bi Zuhura.

Ukiwa wewe ndiye Bakari, fanya hivi. Uliza kazi yako ni ipi, hata kama hakuna aliyekuambia. Usichokijua, kiseme siku ya kwanza, usisubiri kilo tano zipotee. Mkopo uandike kabla mteja hajavuka kizingiti. Ufike kazini saa ile ile anayofika Rehema, halafu umwite dada, umpishe akufundishe. Na ukiona kabisa kwamba kazi hiyo si yako, wewe ndiye utangulie kusema. Ndugu yako atakusikiliza kwa sababu ni ndugu. Usimfanye akuvumilie kwa sababu hiyo hiyo.